Mabano Kando ya Jina

"Andika," alisema Mwalimu Paranjpe. "Vaishali Ramteke, 98.6. Halafu fungua mabano, Mdalit, funga mabano."

Vaishali aliondoa vidole kwenye kompyuta aliposikia akitajiwa tabaka lake, la chini kuliko yote.

Sadanand Paranjpe ndiye mwenye lile darasa la mtaa wa Sitabuldi, mjini Nagpur, linalowanoa vijana kwa mtihani wa kuingia vyuo vya biashara. Kila Januari hutundika bango lenye sura za wanafunzi wake walioitwa kwenye usaili, refu kama jengo lenyewe, na barabara nzima hulisoma. Vaishali alikuwa mwanafunzi wake, na kwa kuwa karo nzima ilimshinda baba yake, alikuwa akichapa makaratasi ya ofisi. Sasa aliambiwa ajichape mwenyewe.

"Mbona wengine hawana mabano, Mwalimu?"

"Wengine wameingia bila cheti, binti yangu. Mzazi anayeleta mtoto hapa ana haki ya kujua nani amevuka mstari upi."

Mistari yenyewe ilibandikwa ukutani nyuma yake. Chuo walichokuwa wakikigombea kilikuwa na safu tano, moja ya wasio na cheti na nne za wenye vyeti vya nafasi zilizotengwa, kila safu na alama yake ya chini ya kuitwa kwenye usaili. Darasa zima lilisoma safu mbili tu: wasio na cheti, 97, Wadalit, 80. Vaishali alizisoma zote tano, tena na tena, kama mtu anavyoisoma hukumu yake. Alama zake ziliuvuka mstari wa juu kabisa na zikabaki. Hilo halikumshughulisha mtu.

Kedar, mtoto wa Mwalimu, alikuwa amekalia pembe ya meza, anakula poha, mchele wa kupondwa, kwenye gazeti.

"Usinune, dada," alisema huku mdomo umejaa. "Themanini hata dereva wetu anaipata, ukimpa kalamu. Na sisi tuliotoka jasho tufurahi kidogo."

"Wewe ulipata ngapi vile?"

"Tisini na nne nukta moja. Na kila nukta ni yangu."

"Hongera," alisema Vaishali.

Baba yake Vaishali alikuwa ameshauliza mara tatu bango linapanda siku gani. Hupita barabara hiyo kila asubuhi na baiskeli ya posta, na safari hii alikuwa amepanga asimame. Huyo huyo aliyesimamishwa darasani kila Jumatatu mwaka 1988. "Watoto wa cheti, simameni tuwahesabu," mwalimu wao alikuwa akisema, na walibaki wima mpaka kila mwenzao amewatazama akashiba. Leo mzee ana miaka hamsini, na akiitwa jina la ukoo katika ofisi yoyote, miguu yake humwinua kabla hajajua ameitiwa nini. Vaishali alimwona akiinuka hivyo benki, akiinuka hospitali. Na sasa walitaka wamsimamishe tena, barabarani, chini ya picha ya mwanawe.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Aliimeza. Hasira ya kupiga kelele walikuwa wakiijua, walishaiandalia majibu.

"Nitaandika," alisema. "Ila iwe kanuni moja. Kila mwenye cheti, kiandikwe."

Kedar alicheka. "Anataka wenzake wa kumsindikiza."

"Na iwe hivyo," alisema Mwalimu. "Kwani kuna ubaya gani? Hapa hakuna upendeleo."

"Nifuate barua za wito wa usaili?"

"Fuata barua. Neno kwa neno. Nisije nikaambiwa nimemsingizia mtoto wa mtu."

"Kwa wote saba?"

"Kwa wote saba, Vaishali. Unanichelewesha. Mchapaji anafunga saa kumi, na bado nina fundi wa vioo ananingoja kule ukumbini." Alikuwa anamalizia ukumbi wa harusi, wa pili.

Vaishali alimsogezea karatasi ya oda ya bango. "Basi weka sahihi hapo, Mwalimu. Mchapaji hapokei kazi yangu bila sahihi yako."

Mwalimu alitia sahihi akiwa wima, funguo za gari mkononi, akatoka.

Barua saba zilikuwa kwenye faili, kila moja ikitaja alama na cheti cha aliyeitwa, kama anacho; kila mtu alikuwa ameleta nakala ili aingie bangoni. Vaishali alizisoma moja moja na kuchapa. Jina lake aliliandika la kwanza, kwa sababu alama zake ndizo zilizokuwa za juu, na mabano akayaweka. Barua ya Kedar aliisoma mara moja tu. Alishajua itasema nini tangu asubuhi, tangu aliposikia ile tisini na nne nukta moja, chini ya mstari wa wasio na cheti.

Asubuhi iliyofuata watu walijaa chini ya jengo. Baba yake Vaishali alikuwa ameegemeza baiskeli, shati limepigwa pasi. Gari jeupe lilisimama, akashuka mke wa Mwalimu na sahani ya peda, vitamu vya maziwa vya kugawia majirani, Kedar nyuma yake anajitengeneza nywele kwa ajili ya picha. Mafundi walikata kamba, bango likaporomoka kufunguka ghorofa tatu.

"Vaishali Ramteke, 98.6," mama Kedar alisoma kwa sauti, barabara isikie. "Mabano, Mdalit. Enhe, si mnaona, wanapewa tu." Akaruka majina, akitafuta la mwanawe, akalipata. "Kedar Paranjpe, tisini na nne nukta..."

Sahani iliinama, peda zikaanza kudondoka moja moja. Juu yake, chini ya tabasamu la mwanawe lililo pana kama mlango, herufi zilikuwa na urefu wa mtu: KEDAR PARANJPE, 94.1 (CHETI CHA KAYA MASKINI).