Mikono ya Mwanakombo

Tangu asubuhi Mwanakombo alikuwa amepiga magoti chumbani mwa mwanawe, akisugua sakafu kwa sabuni na jivu. Homa ya kutoka damu ilikuwa imemchukua Shaali jana, na watu wa afya wakamzika mbali, bila mama yake kumwosha. Basi damu iliyobaki sakafuni aliiona ni haki yake. Jirani alimsihi awasubiri wapuliza dawa waje kukisafisha chumba.

"Mgeni aoshe uchafu wa mwanangu, nami ni hai?" alimjibu, akafunga mlango.

Sasa wapuliza dawa walikuwa wamefika, wamejifunika plastiki kuanzia utosini hadi miguuni. Aliyetangulia, mwanamke, akasimama ghafla mlangoni.

"Mama, weka chini hilo tambara. Umelishika kwa mikono mitupu?"

"Nimemlea kwa mikono hii hii."

"Una jeraha popote?"

Mwanakombo akageuza kiganja. Kwenye kidole gumba palikuwa na mkato mdogo wa kisu cha jikoni, wa juzi, na povu jekundu limejaa ndani yake.

Hapo binti mdogo wa Shaali akamponyoka jirani uani, akaja mbio. "Bibi!"

"Usije!"

Mwanakombo akarudi nyuma mpaka ukutani, akainua mikono yote miwili juu kabisa, maji mekundu yakimchuruzika hadi viwikoni. Mtoto akasimama kizingitini. Akadhani ni mchezo, akacheka, naye akainua yake.