Rozimeri ya Bi Tausi

Ukame ulikuwa umekausha kila kitu katika ua wa Mzee Shambe, isipokuwa mmea wa rozimeri alioupanda mkewe, Bi Tausi, kwa ajili ya chai. Siku chache baada ya kumzika, mzee alitoka na jembe.

"Baba, unafanya nini?" binti yake, Sikudhani, aliuliza kutoka jikoni.

"Naung'oa. Aliyeupanda yuko chini ya udongo, nao umekaa hapa kijani kama hakuna kilichotokea."

"Sasa mti una kosa gani, baba?"

Mzee alipiga jembe, matawi yakavunjika, na harufu ikapanda ikamjaa puani, ile ile iliyokuwa kwenye viganja vya mkewe kila asubuhi. Akaliachia jembe. Akapiga magoti, akaanza kuirudishia mizizi udongo kwa mikono.

"Chukua haya yaliyovunjika," alisema bila kugeuka. "Katutilie chai."

Sikudhani alirudi na sinia. Alipoinama kuiweka chini, ndipo wote wawili walipoona kwamba ameleta vikombe vitatu.