Mbwa Kavaa Sikukuu

Asubuhi ya Krismasi, utepe wa dhahabu uliopamba tawi la mvinje sebuleni ulikutwa umeliwa nusu. Mchana, wageni wakiwa uani na sahani zao za pilau, ncha yake ikaonekana ikining'inia chini ya mkia wa Chapati, mbwa wa Tumsifu.

"Jamani, mbwa kavaa sikukuu!" akapaza sauti Ezron, baba yake mdogo, na ua mzima ukacheka.

Tumsifu akapiga magoti, akamkumbatia mbwa. "Baba mdogo, usiuguse. Daktari wa mifugo yuko njiani. Kasema ukivutwa utamkata utumbo."

"Daktari aache kuku wake wa Krismasi aje kuchungulia makalio ya mbwa?" Wakacheka tena. "Unatutia aibu mbele ya wageni. Mshikeni huyu mtoto."

Mama yake mwenyewe ndiye aliyemshika mikono, kwa upole, kama anayemzuia asiguse sufuria ya moto. "Acha, mwanangu. Ni uzi tu."

Ezron akauzungushia utepe kidoleni, akavuta. Ukagoma. Akavuta tena kwa nguvu zote. Mbwa akalia mara moja, kwa sauti nyembamba kama ya bawaba kavu, na utepe ukatoka, mrefu, unang'aa, damu ikiufuata.

Ezron akauinua juu, akainama mbele ya wageni kama mfanya mazingaombwe. Wakampigia makofi.

Chapati, akidhani ni yeye anayepigiwa, akajaribu kutikisa mkia.