Kifungu cha Nne cha Ukoo wa Wambura

Mchoraji aliambiwa aongeze ndevu. Akaongeza. Gervas akazitazama, akasema bado hazijafikia hadhi ya mtu aliyeanzisha ukoo mzima, na mchoraji akaziteremsha hadi kifuani.

Hivyo ndivyo Wambura, ambaye hakuwahi kupigwa picha maishani, alivyopata sura yake. Ilitundikwa kwenye ukumbi wa kukodi huko Oxon Hill, Jumamosi ya mkutano wa kwanza wa ukoo huo nchini Marekani.

Historia nayo ilikuwa tayari. Gervas, mtaalamu wa kompyuta wa Germantown, alizaliwa Dar es Salaam na kufika mkoani Mara mara mbili tu, zote kwenye misiba. Sifa hizo zilimtosha kuwa mwanahistoria. Alimpigia simu shangazi yake Benadetha. Shangazi akasimulia kwa Kiswahili, yeye akaandika kwa Kiingereza, maana watoto wa ukoo wanaelewa Kiswahili ila wanajibu kwa Kiingereza.

Shangazi alisimulia jinsi Wambura alivyovuka Mto Mara mwaka wa njaa, zamani za mababu, akiwa na ng'ombe sita, jembe na chungu. Akapanda mlima usio na mtu, akafyeka, akalima mtama, akafukuza fisi kwa vijinga vya moto. Ng'ombe walipozaana, akaoa wake wawili, na watoto wao tisa wakaitwa kwa jina lake.

Gervas alirekebisha kidogo tu. Jembe likawa mkuki. Fisi wakawa simba. Chungu alikifuta kabisa. Hakuona shujaa angekifanyia nini.

Mwishoni mwa kijitabu aliweka katiba. Kifungu cha nne kilisema mlima ni wa watoto wa kiume, "kama alivyotuachia Babu Wambura," na kwamba mabinti watakaribishwa daima, kama wageni.

Flaviana alikisoma mara mbili. Alikuwa dada mkubwa wa Gervas. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu katika mji wa Laurel, hukohuko Marekani, na ndiye aliyempokea mdogo wake uwanja wa ndege, akamlaza sebuleni kwake miezi minane. Alitaka kitu kimoja: kiwanja kidogo pale mlimani, ajenge vyumba viwili, azeekee huko, na siku yake ikifika azikwe kwao.

"Kiwanja utapewa kwa mumeo, dada," Gervas alimwambia, kwa upole wa mtu mwenye katiba mkononi.

"Mume yupi? Tuliachana wewe ukiwa bado unalala kwenye kochi langu."

"Sasa mimi nifanyeje? Ndiyo mila. Babu ndiye aliyeiweka."

Babu alikuwa ameiweka Jumatano iliyopita, kwenye kompyuta ya Gervas, kati ya mkutano wa kazini na chakula cha mchana.

Saa nane akaingia mgeni rasmi, Shangazi Benadetha mwenyewe, aliyeletwa kutoka Mara baada ya kuhangaikia viza mwaka mzima. Alikuwa na miaka sabini na minane, kitenge kipya, na koti la baridi la Flaviana lililomfika visiginoni. Alisimama mbele ya picha.

"Mzee huyu ni nani?"

Watu wakacheka kwa upendo.

"Macho, shangazi," Gervas akasema, akimshika mkono. "Ni uchovu wa safari."

"Macho yangu mazima. Nimeuliza ni nani."

Akaletewa kiti, na sahani ya pilau ili apumzike kuuliza.

Gervas akasoma historia kwa Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa. Shangazi, ambaye hakuelewa hata neno moja, alitafuna kwa adabu. Binamu yao Cosmas alilia ilipofika sehemu ya simba. Kisha Gervas akageukia Kiswahili, akatangaza kwamba sasa wanaume wa ukoo watapitisha katiba kwa kunyoosha mikono. Wanawake, akaongeza, wanaruhusiwa kupiga makofi.

Mikono ikapanda. Flaviana akasimama.

"Kabla hamjahesabu. Shangazi, ni wewe uliyemsimulia historia hii. Hapa wameandika kwamba Wambura alisema mlima ni wa wanaume, binti asipewe hata pa kuzikwa. Ni kweli alisema hivyo?"

"Dada, usimsumbue mgeni," Gervas akasema.

"Niambie tu, shangazi. Kama alisema, nakaa chini, na sitauliza tena." Akajishika kwenye kiti kilichokuwa mbele yake.

Shangazi Benadetha alifuta vidole, kimoja kimoja. Alimtazama Flaviana, halafu akawatazama wale wote walionyoosha mikono.

"Angesemaje hivyo," akauliza, "na yeye mwenyewe alikuwa binti wa watu?"

Gervas alicheka peke yake, akaacha.

"Shangazi, si ulisema mwenyewe? Ulisema alioa wake wawili!"

"Nilisema, na alioa. Mumewe alikufa kabla hajampa mtoto wa kiume, naye akatoa ng'ombe wake mahari, akaoa wanawake wamzalie watoto wa jina lake, kama wanavyooa wanawake wa kwetu wasio na mtoto wa kiume. Wewe uliniuliza alioa wangapi, nikakujibu."

Mikono ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, wa Cosmas ukiwa wa kwanza. Shangazi akaivuta tena sahani yake ya pilau.

"Halafu nilitaka kusahau," akasema. "Mke wangu anawasalimu nyote."