Ukuta wa Chumba cha Mwende

Kiilu alikivuta kiti chake hadi katikati ya chumba, mbali na ukuta, ndipo akaketi. Karani wa kamati alimtupia jicho tu. Pale Voi watu walikuwa wameanza kuizoea tabia yake hiyo. Hotelini alikula nje, juani. Kanisani alisimama mlangoni. Ukuta ukimkaribia tu, aliusikia ukinong'ona: mchanga mkavu unachuruzika ndani kwa ndani, na nyuma ya mchanga, kikohozi cha mtoto.

Mama Mwende aliingia akiwa amefunga kitambaa cheusi kichwani. Hakumwangalia. Alipita akaketi upande wa pili, mikono ameilaza mapajani. Tangu mazishi, hawa wawili hawakuwa wamesemezana hata neno.

Mwenyekiti wa kamati ya nidhamu ya wajenzi, mama wa makamo aitwaye Carolyne, alimwomba Mama Mwende aeleze yaliyompata.

"Nyumba iko Rukanga, chini ya mlima Kasigau," alianza polepole. "Huyu alianza vizuri. Msingi ukachimbwa, kuta zikapanda. Halafu akaanza kukosekana. Leo yuko, kisha haonekani wiki nzima. Mchanga alioleta ulikuwa na udongo, wala haukuchekechwa. Kuta hazikufungwa kwa vyuma kule juu. Sebuleni mpaka leo hakuna paa."

"Lakini mlihamia."

"Alisema tuingie tu, vyumba vya nyuma viko sawa, hivyo vingine atavimalizia tukiwa ndani. Nikamwamini."

Nje lori lilipita likielekea Mombasa, madirisha yakatetemeka. Kiilu alishika kiti kwa mikono miwili.

"Mwende ndiye aliyesema kwanza. Alisema ukuta wake unamnong'oneza. Nikaweka sikio, nikasikia mchanga. Nikamwambia huyu." Alimwonyesha Kiilu kwa kidevu. "Akacheka. Akasema nyumba mpya lazima ijikalishe."

"Na siku yenyewe?"

"Mwende alikuwa na kikohozi, hakwenda shule. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilitoka nikaenda jikoni kumkorogea uji. Niliposikia kishindo nilikuwa bado nimeshika mwiko. Majirani walikuja mbio wakigonga mabati. Walidhani ni ndovu wameingia shambani."

Gibson, mhandisi aliyeteremka kutoka Wundanyi kwa ajili ya kesi hiyo, alimgeukia Kiilu.

"Bwana Kiilu, kwa nini hukuimaliza nyumba ile?"

"Nilikuwa na kazi nyingine hapa mjini. Wenyewe walikuwa wananisukuma kila siku."

"Mama huyu hakukusukuma?"

"Alinisukuma." Kiilu alitazama sakafu. "Lakini nilijua yeye atanivumilia."

"Hizo za mjini tumezikagua zote. Hazina hata ufa. Kwa hivyo kujenga unajua."

"Najua."

Neno hilo lilimtoka kama mtu anayetema jiwe. Kwa kweli alitamani wamwambie hajui. Mtu asiyejua huhurumiwa.

Mwenyekiti alivua miwani yake. "Pasta alikuja hapa kutusihi jambo hili tuliache limalizwe nyumbani, kwa maombi. Mama Mwende, wewe wasemaje?"

"Pasta nimemsikia, na wazee pia nimewasikia. Wote wananiambia nimsamehe. Hayo ya kusamehe ni yangu na Mungu wangu. Hapa sikuja kutafuta fidia, wala sikuja kumfunga. Nimekuja ili asijenge tena. Kuna watoto wa watu huko."

Kiilu alifumba macho. Ukuta wa mbali kabisa, ule wenye dirisha, ulianza kunong'ona. Akausikiliza. Mchanga, halafu kikohozi, halafu kimya kile kilichokuwa kibaya kuliko vyote viwili. Aliwatazama wanakamati kuona kama nao wanasikia, akawaona wanateta kwa sauti ya chini, vichwa vimekutana.

Hawakuchukua muda mrefu.

"Sheria haiulizi nyumba ilikuwa ya nani," alisema mwenyekiti. "Inauliza ilijengwaje. Bwana Kiilu, kuanzia leo hutajenga nyumba ya mtu yeyote, maisha yako yote. Leseni yako tumeifuta. Je, una neno la kumwambia mama wa mtoto?"

Kiilu alisimama. Alikuwa amekuja na maneno, maneno aliyoyapanga na kuyapangua, lakini sasa yote yalikuwa yamemkimbia.

"Uliniambia," alisema. "Uliniambia, nami nikacheka."

Mama Mwende alikuwa akitazama dirishani. Hakugeuza uso.

Nje jua lilikuwa limewaka baada ya manyunyu, na ardhi nyekundu ilikuwa ikitoa mvuke. Kiilu alikwenda akasimama katikati ya uwanja, mahali ambapo hapakuwa na ukuta wowote karibu naye. Gibson alipita akampa mkono, kisha akaondoka. Wengine walipita wakaangalia pembeni. Yeye alibaki pale pale kama kigingi. Kazi hakuwa nayo tena, na jambo hilo, kwa namna ambayo hakuweza kuieleza, lilimpa nafuu kidogo.

Mama Mwende alitoka wa mwisho. Alipita karibu naye bila kusimama, akaenda mpaka langoni. Hapo akasita. Akageuka, akarudi taratibu, akasimama mbele yake. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimtazama usoni, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka safari ndefu ya vumbi.

Kiilu aliinamisha kichwa kuingoja laana. Aliona ni haki yake.

"Baba Mwende," mwanamke akamwambia, "twende nyumbani. Gari la Rukanga litatuacha."