Birika la Kiboko

Sogeeni, wajukuu zangu, maana hii kila nikiisema hunichoma.

Kiangazi kimoja Kiboko aliwasimamia wanyama. Kutwa amelala kwenye birika kubwa la mawe, na maji ya hilo birika anateka Punda. Masika ilipokaribia akawaita awapime kazi, mshindi apewe banda lisilovuja. Punda alilitaka sana, kwa sababu alikuwa na mimba.

Kiboko akasema, "Banda ni la Kasuku. Kila alfajiri anakuja kuniamkia. Wewe Punda, mbona sikuoni?"

"Alfajiri niko mtoni, bwana."

"Mtoni unamwamkia nani? Huna adabu."

Kasuku akacheka. "Pole, shoga. Mwanao atazaliwa anaogelea."

Kesho yake Punda akaja mgongo mtupu, akapiga magoti, akaamkia, akakaa hapo hapo. Kesho kutwa vilevile. Birika likakauka, ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka.

"Punda, maji yako wapi?"

"Nimekuja kukuamkia, bwana. Si ndiyo kazi unayoipima? Maji mwagize hodari wako."

Kasuku akaenda, akarudi na tone moja mdomoni.

Kiboko akajikokota mwenyewe mpaka mtoni, damu zinamtoka, na hadi leo yuko huko. Punda akaingia bandani bila kumuuliza mtu, akazalia pakavu.