Kasuku na Sauti ya Mume

Aliishi Kasuku mmoja katika msitu wa hifadhi huko Ghana, hodari wa kuiga sauti za wenzake. Siku moja wageni waliokuja kutazama ndege walimpita bila hata kumwelekezea darubini, maana walikuwa wakimtafuta Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa.

Kasuku akaingiwa na wivu. Akaita kwa sauti ya Hondohondo dume: "Mke wangu, toka upesi!"

Wageni wakageuka, naye akatanua mkia wake mwekundu. Lakini Bi Hondohondo pia alisikia. Alikuwa ndani ya tundu la mti akiatamia mayai, mlango ameuziba kwa udongo kama wafanyavyo hondohondo, na manyoya ya mabawa yamempukutika. Akaubomoa udongo, akajirusha, akaanguka chini kama jiwe. Paka-mwitu akamnyakua.

Mumewe alirudi na tunda mdomoni. Alipoona mlango umebomoka, aliita na kuita.

Kasuku angeweza kumjibu kwa sauti ya marehemu, angalau amtulize.

"Kaka, usimwite tena," akasema hatimaye, kwa sauti yake mwenyewe. "Mimi ndiye niliyemtoa."